Mafuta yameonekana pwani: soma dalili, tafuta chanzo, ujue wapi pa kusimama

Asubuhi moja ya kaskazi, bibi mmoja mkulima wa mwani alikuja dikoni kwetu, pale tunapoegesha vyombo, upande wa mashariki wa Pemba, kandambili kazishika mkononi. Nyayo zake mbili zilikuwa nyeusi, zinanata, na mchanga umezigandia kama ufuta kwenye mkate. Akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo wameshaanza kuchimba?"

Hakuna aliyekuwa akichimba. Lakini swali lake naliheshimu, kwa sababu lina sababu. Sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar ilipitishwa 2016. Mwaka 2017 meli ya utafiti ilionekana ikipita na kurudi katika maji yetu, Oktoba 2018 ukatiwa saini mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar, na Machi 2024 Serikali ikafungua duru ya kwanza ya kunadi vitalu vya baharini. Baada ya hapo kila doa linaloonekana majini linaitwa "mafuta ya kisima". Hadi leo hakuna kisima cha baharini kinachotoa mafuta katika maji ya Zanzibar. Visima virefu vya BP na Shell, kimoja Unguja na kimoja Pemba, ni vya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na havikutoa mafuta ya kuuzika.

Kwa hiyo mafuta unayoyakanyaga leo yametoka kwengine. Ukimlaumu asiyehusika, anayehusika anakwenda zake salama. Na siku visima vikianza kweli, asiyejua kutofautisha mafuta ya mashine, ya meli na ya kisima hatakuwa na la kusema mbele ya kampuni wala mahakama. Nimeandika hapa dalili ninazoletewa mara kwa mara, na kwa kila moja naanza na chanzo cha kawaida zaidi.

Madonge meusi yanayonata mchangani

Chanzo cha kwanza ni meli zinazopita mbali. Meli ikisafisha matangi, au ikimwaga maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini ya chombo, ya chumba cha injini bila kuyachuja, mafuta hubaki juu ya bahari. Sehemu nyepesi hupaa kwa jua na upepo ndani ya siku chache. Iliyobaki huchanganyika na maji, hupigwa na mawimbi, hukatikakatika na kuviringika mpaka ikawa donge. Mkataba wa MARPOL, wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, unairuhusu meli kubwa kumwaga maji ya ngama ikiwa safarini, mradi mafuta yaliyomo yasizidi sehemu 15 katika milioni. Kiasi hicho hakizai donge. Donge la mafuta ya meli maana yake kuna aliyevunja sheria au aliyepata ajali.

Chanzo cha pili ni cha hapa hapa: lami iliyotumika kuziba chombo, au mabaki ya pipa lililooshwa dikoni. Cha tatu ni mafuta yanayojitokeza yenyewe ardhini. Pemba tunayo, pale Tundaua, na wataalamu wa miamba wameyachukulia sampuli kwa sababu ndiyo yanayowapa matumaini kwamba chini kuna kitu. Cha nne, cha nadra lakini kibaya kuliko vyote, ni ajali kubwa: meli kupanda mwamba, kama MV Wakashio kule Morisi Julai 2020, ambapo tani zipatazo 1,000 za mafuta zilivuja, au kisima kupasuka.

Anza kwa kutembea. Fuata mstari wa maji kujaa, hatua mia tano kila upande. Madonge yakiwa mahali pamoja tu, karibu na vyombo vilivyopandishwa, chanzo kipo jirani. Yakiwa yametawanyika pwani nzima, yametoka bahari kuu. Kisha vunja donge moja kwa kijiti. Ganda gumu lenye mchanga na vijikombe vilivyoota juu yake linasema limekaa baharini muda mrefu. Likiwa laini mpaka nje, linang'aa na linanuka kama mafuta ya taa, ni la juzi. Tizama na upepo. Kaskazi huleta vitu kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki, na mkondo wa pwani hii ya Afrika Mashariki hukimbilia kaskazini, hivyo kinachomwagika mbele ya Dar es Salaam au Unguja wakati wa kusi kinaweza kupanda kuja Pemba.

Miguu isafishwe kwa mafuta ya nazi. Paka, sugua taratibu kwa kitambaa mpaka weusi ulainike, futa, kisha osha kwa sabuni. Bibi yule tulimkalisha kwenye gogo la mnazi, ikamalizika nusu kikombe ya mafuta na kanga moja kuukuu, akaondoka na nyayo zake safi. Usitumie petroli wala mafuta ya taa: yanaingia kwenye ngozi na kuiunguza, na mtoto anavuta mvuke wake.

Madonge machache yaokote kwa mikono iliyovaa glavu au mfuko wa plastiki, uyatie kwenye gunia au ndoo. Chota juu juu, usichimbue mchanga mzima. Usiyafukie, kwa sababu bamvua litayafukua. Usiyachome, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Simama hapo na umwite sheha, kiongozi wa shehia yako, ikiwa madonge hayaokoteki yote kwa maji kupwa mara moja, ikiwa mafuta bado ni maji maji, ikiwa yameingia penye mayai ya kasa, au yameingia kwenye mikoko. La mikoko nalikazia. Watu hukimbilia kuingia matopeni na ndoo kwa nia njema, na kila hatua inayasukuma mafuta chini kwenye mizizi, mahali ambapo yatakaa miaka. Mikoko iachiwe wataalamu.

Utando wa rangi rangi juu ya maji

Mara nyingi sana utando huu ni wetu wenyewe. Mashine za boti zinazotumia petroli iliyochanganywa oili hutema sehemu ya mafuta ambayo haikuungua, na nahodha akifua maji ya ngama asubuhi, utando unaenea bandari nzima. Tone moja la oili linatosha kufunika eneo la kutisha macho. Vyombo vya zamani vilivyopakwa sifa navyo hutoa utando wakati wa jua kali, ila huo unanuka papa, na mtu wa pwani hakosei harufu hiyo.

Chanzo cha pili si mafuta kabisa. Kwenye vidimbwi vya mikokoni, maji yakiwa yametulia na matope yana kutu nyekundu, kuna bakteria wa chuma wanaotengeneza utando unaong'aa kama petroli. Chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande vipande vyenye kingo, kama kioo kilichopasuka, na vipande visirudiane, ni bakteria. Ukifungua njia kisha ukajifunga tena nyuma ya kijiti, ni mafuta. Kipimo hiki hakina gharama, na kingetuepusha na nusu ya kelele zetu.

Baada ya hapo ndipo uwafikirie meli ya bandarini inayojaza mafuta, chombo kilichozama, na mafuta ya ardhini. Kisima kije mwisho, kwa sasa.

Unene wa mafuta husomwa kwa rangi. Utando wa kijivu au wa fedha ni mwembamba mno. Utando wenye rangi za upinde wa mvua una lita 300 mpaka 5,000 katika kilomita moja ya mraba. Ukiona rangi ya chuma, isiyo na upinde, ni mzito zaidi. Ukiona weusi au kahawia yenyewe ya mafuta, hiyo ni nyingi, na haitaki mjadala wa barazani. Utando wa fedha au wa upinde unaotoka kwenye vyombo vya diko dawa yake ni kuzuia: chombo cha kukingia oili, kitambaa ndani ya ngama kinachonyonya mafuta kabla hujafua maji, na oili chafu ibebwe nchi kavu kwenye dumu.

Sabuni ya unga au ya maji isimwagwe juu ya utando. Nimewaona vijana wakifanya hivyo, utando ukatoweka, wakafurahi. Haukutoweka. Umekatika vitone vidogo ukashuka chini, kwenye chaza, pweza na vifaranga vya samaki, na sabuni yenyewe nayo ni sumu kwao.

Simama na uondoke eneo hilo kama rangi ni nyeusi au kahawia, kama harufu inaumiza kichwa, au utando unaongezeka bila chombo kuonekana. Mafuta mabichi yaliyotoka sasa hivi yana mvuke unaoshika moto. Usiwashe mashine katikati yake, usivute sigara, kaa upande upepo unakotoka. Taarifa iende kwa sheha, bwana diko (msimamizi wa diko), KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa pamoja, usingojee mmoja amwambie mwenzake.

Kabla hujasafisha: chukua sampuli

Hili nalitoa nje ya mpangilio kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Mafuta yana alama zake kama mtu alivyo na alama za vidole. Maabara ikichambua sampuli, inaweza kuyalinganisha na mafuta ya meli fulani, ya Tundaua au ya kisima fulani. Pwani ikishasafishwa bila sampuli, ushahidi umekwenda na gunia.

Tumia chupa ya kioo safi, kama ile ya asali iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Plastiki hapana, kwa sababu plastiki yenyewe ni zao la mafuta na huchafua sampuli. Weka karatasi ya foili juu ya mdomo kabla ya kufunga kifuniko. Kijiko kidogo cha mafuta kinatosha. Chukua mbili, sehemu mbili tofauti, na ya tatu ya maji kutoka mahali pasipo mafuta. Andika tarehe, saa, jina la mahali, hali ya maji na upepo. Piga picha ukiwa umeweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, na simu iwashwe sehemu ya kuonesha ramani. Chupa ziwekwe kwenye baridi na giza. Kisha sheha atie saini mbele ya mashahidi wawili, na kila anayeipokea chupa baada yake aandike jina na saa.

Harufu ya yai viza

Mikokoni maji yakipwa, harufu hii ni ya kawaida: matope yasiyo na hewa yanaozesha majani na kutoa gesi. Mapovu machache yanayopanda ukikanyaga ni hayo hayo. Ukiisikia mahali pale pale miaka yote, kila maji yakipwa, huna la kuhofia.

Gesi hiyo hiyo, haidrojeni salfaidi, hutoka pia na mafuta na gesi ya chini ya ardhi, na huko inaua. Ikizidi sehemu kama 100 katika milioni, pua inakufa ganzi. Harufu kali ikikatika ghafla huku kichwa kinauma au macho yanawasha, usiseme imeondoka. Kimbia kuelekea upepo unakotoka na uende mahali palipoinuka, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia mabondeni. Mwenzako akianguka ndani ya shimo, kisima cha maji au ngama, usimfuate bila hewa ya mtungi. Wengi hufa wawili wawili hivyo, mwokozi juu ya muokolewa. Ita Zimamoto, 114.

Mwani unageuka mweupe na kukatika

Bibi wengi wa mwani wanaponiita kuhusu mafuta, ninachokikuta ni joto. Maji yakipwa mchana wa jua kali, au mvua za masika zikipunguza chumvi, mwani unadhoofika. Matawi yanakuwa meupe kwenye vifundo, laini, kisha yanakatika na kuacha taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, tupu kwenye kamba. Kati ya aina za mwani, kotoni ndiyo dhaifu zaidi. Spinosamu huvumilia. Sababu ya pili ni mimea midogo na uchafu unaoota juu yake. Mafuta ni ya mwisho.

Pitisha kamba kati ya vidole. Kama haiachi weusi wala utelezi wa mafuta, na ukiinusa inanuka bahari tu, anza na joto: sogeza mashamba kwenye maji marefu kidogo, vuna mapema kilichobaki, usipande mbegu iliyotoka kwenye kamba mgonjwa. Kama vigingi vina mstari mweusi unaolingana na maji kujaa, na jirani zako wote wameathirika kwa siku moja, hapo ni jambo jingine. Chupa ya kioo itoke.

Nina sababu ya kusisitiza. Tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha Montara, katika Bahari ya Timor upande wa Australia, kilipasuka na kumwaga mafuta kwa siku 74. Ng'ambo, kama kilomita 250, katika kisiwa cha Rote cha Indonesia, wakulima wa mwani waliona mwani wao unageuka mweupe na kufa. Ni dalili ile ile ninayoieleza hapa. Walipokwenda mahakamani, moja ya hoja kubwa ikawa: mafuta yalifika kwao, au hayakufika? Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliwapa haki Machi 2021, zaidi ya miaka 11 baada ya tukio, na 2022 yakafikiwa makubaliano ya dola za Australia milioni 192.5 kwa wakulima zaidi ya 15,000. Kuna waliozeeka wakisubiri. Mama zetu wa pwani ya mashariki wanalima kitu kile kile, na mimi sitaki wasubiri miaka 11 kwa kukosa chupa ya asali.

Samaki wananuka mafuta, au wamepungua

Kwanza angalia boti. Dumu la petroli linalovuja kando ya tenga la samaki, barafu iliyowekwa kwenye ndoo ya oili, au maji ya ngama yaliyoruka juu ya tasi waliokwisha vuliwa. Nusa samaki wa chombo kingine kilichovua mahali pale pale. Kama wa mwenzako hawanuki, tatizo ni lako. Kama wote wananuka, na utumbo wao pia, acha kuuza na umwite afisa uvuvi. Harufu hiyo haitoki kwa ndimu wala kwa kukaanga.

Kupungua kuna mambo mengi: msimu, mwezi, nyavu za macho madogo, joto la bahari. Lakini kama meli ya utafiti imepita karibuni, usikubali kuambiwa haiwezekani. Jaribio lililofanywa Norway miaka ya 1990 lilionesha samaki aina ya kodi na hadoki wakipungua kwa wastani wa nusu eneo zima lililojaribiwa, na siku 5 baada ya milio kukoma walikuwa hawajarudi. Kwa hiyo daftari la bwana diko lina thamani ya fidia. Kilo za kila siku, kabla, wakati na baada ya meli, ndizo zitakazosema. Daftari lililoandikwa baada ya malalamiko halina nguvu.

Madema na nyavu zimekwenda, na meli inasogea taratibu

Meli ya utafiti wa mitetemo huvuta nyuma yake nyaya zenye vipokea sauti, kilomita 6 hata 10, mwisho wake boya lenye taa. Inakwenda noti 4 au 5 (maili za baharini kwa saa), kila sekunde kama 10 inapiga hewa kwa kishindo chini ya maji, na haiwezi kusimama wala kugeuka ghafla. Anayedhani ameipita nyuma salama amekatiza juu ya nyaya.

Mchana tafuta alama tatu nyeusi mlingotini, duara, almasi, duara. Usiku ni taa nyekundu, nyeupe, nyekundu, moja juu ya nyingine. Ukiziona, kaa mbali, sikiliza redio ya VHF chaneli 16, na ufuate boti ndogo ya ulinzi inayokuelekeza. Siku majukwaa ya uchimbaji yakifika, sheria ya bahari inaruhusu eneo la usalama la mpaka mita 500 kuyazunguka. Samaki watajikusanya kwenye miguu yake, na tamaa itakuwa kubwa. Usiingie.

Dema likipotea, andika lilipotegwa na lini ulilikagua mwisho, kabla hujakwenda kulalamika. Usiifuate meli kwa boti. Malalamiko yapitie kamati ya wavuvi ya shehia kwenda Mamlaka ya Udhibiti wa Utafutaji na Uchimbaji wa Mafuta na Gesi Asilia, ZPRA.

Kifaa kigeni kimepwelewa ufukweni

Mara nyingi ni boya la nyavu za meli za uvuvi. Lakini kinaweza kuwa kifaa kutoka kwenye nyaya za utafiti: mrija wa rangi kali wenye mabawa, au kipande cha waya mnene wa manjano. Ndani yake huweza kuwa na betri za lithiamu, mtungi mdogo wa gesi iliyobanwa, au mafuta mepesi. Watoto hukipiga mawe na mafundi hukipasua wakitafuta shaba. Betri ya lithiamu iliyoingiwa na maji ya chumvi inaweza kulipuka ikifunguliwa.

Usikifungue, usikikate, usikitie ndani ya nyumba. Kikiwa kinatoa moshi au mlio, ondoa watu. Kama kimetulia na hakivuji, kifunge kwa kamba kwenye mti ili maji kujaa yasikirudishe, piga picha ya namba zilizoandikwa ubavuni, na umpe sheha picha hiyo pamoja na saa uliyokikuta.